Barua za Koplo Gooding

Wengi wetu tuliofika Marekani tumewahi kuiona filamu ya Glory iliyotoka mwaka 1989. Ni ile inayosimulia habari za Kikosi cha 54 cha Massachusetts, askari weusi waliopigana upande wa Kaskazini katika vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vya 1861 hadi 1865. Tunamkumbuka Denzel Washington akichapwa viboko huku chozi likimteremka shavuni. Tunakumbuka pia askari wanavyozichana karatasi zao za mshahara kwa hasira, na kanali wao mzungu naye akaichana ya kwake.

Filamu ni nzuri, hatuna neno. Ila ukimwondoa kanali na wachache wengine, askari wale wa kwenye filamu ni watu wa kubuniwa, na lile tukio la kuchana karatasi linapita kwa dakika chache tu. Mgomo wenyewe wa mshahara ulichukua kama miezi 18. Na kati ya watu wa kweli waliokuwamo, mmoja alikuwa akiandika kila kitu na kukituma kwenye gazeti la mji wake, karibu kila wiki, kwa muda wa mwaka mzima. Huyo ndiye tunayetaka kumzungumzia leo, kwa sababu tunaona sisi tunaokaa ughaibuni tunaweza kumwelewa kwa namna ambayo pengine hata Wamarekani wenyewe hawamwelewi.

Jina lake James Henry Gooding. Gazeti lilikuwa New Bedford Mercury, gazeti la kila siku la mji wa bandari wa New Bedford, kusini mwa Boston. Barua zilizochapishwa ni 48, kuanzia Machi 1863 hadi Februari 1864. Chini ya barua alitia herufi za jina lake tu, basi. Zilikaa katika kurasa za gazeti hilo zaidi ya miaka mia moja, hadi Virginia Adams alipozikusanya na kuzitoa kama kitabu mwaka 1991, kwa jina la On the Altar of Freedom. Kitabu kinapatikana katika maktaba nyingi za huku, na kadi ya maktaba ni bure.

Tuanze na makaratasi, maana kwetu kila habari ya mtu huanza na makaratasi.

Gooding alipofika New Bedford mwaka 1856, kijana wa karibu miaka 18, alitafuta kazi katika meli za kuvua nyangumi. Mji ule ndio uliokuwa mkuu wa kazi hiyo. Mafuta ya nyangumi ndiyo yaliyowasha taa za nchi nzima. Baharia mweusi alihitaji cheti cha kumtambulisha kuwa ni raia na mtu huru. Gooding akaandikisha kwamba amezaliwa Troy, jimbo la New York, yaani amezaliwa huru. Kitabu cha mwaka 1991 nacho kilifuata hivyo hivyo. Baadaye watafiti wakachimba zaidi wakakuta mambo mengine: alizaliwa mtumwa, New Bern, North Carolina, mwaka 1838. Mtu aliyeitwa James Gooding, ambaye huenda ndiye baba yake, alimnunulia uhuru akiwa mtoto mdogo, na mwaka 1846 akapelekwa New York kwenye kituo cha watoto yatima weusi. Huko ndiko alikojifunza kuandika ile Kiingereza safi iliyowashangaza baadhi ya wasomaji wake.

Kwa hiyo mtu huyu alijibadilishia mahali pa kuzaliwa. Sisi hatumlaumu hata kidogo. Katika nchi ambayo mweusi angeweza kukamatwa na kurudishwa utumwani kwa neno la mzungu mmoja, kusema umezaliwa Troy ilikuwa ni kujiwekea ukuta mgongoni. Wasomaji wetu wanajua watu wanaokaa na siri ya cheti kwa miaka ishirini, hata kwa wake zao. Tunaitaja kwa sababu itarudi mbele, kwenye habari ya mshahara.

Alirudi kutoka baharini, akamwoa Ellen Louisa Allen mwaka 1862, na Februari 1863, vita vikiwa vimepamba moto, akajiandikisha jeshini. Rais Lincoln alikuwa ametoa tangazo lake la uhuru mwezi Januari, na Massachusetts ikapata ruhusa ya kuunda kikosi cha watu weusi. Vijana wa New Bedford wakaingia Kampani C. Walikwenda kambi ya Readville, nje kidogo ya Boston, mahali ambapo leo treni ya mjini inapita.

Barua za mwanzo zinatoka kambini hapo. Ni za kijana mwenye furaha. Anaeleza baridi, gwaride, afya ya vijana, na anajisifia kwamba watu wa New Bedford ndio bora kuliko wote. Kisha anawageukia waliobaki mjini na kuwauliza wanangoja nini. Hapo unaona faida ya kuandika gazetini: barua ya mke inasomwa na mke, na akitaka anaificha chini ya godoro, lakini hii ya gazetini inasomwa na kinyozi, na mchungaji, na yule jirani aliyeahidi kujiandikisha akaahirisha.

Hapa tusimame kidogo tuseme jambo la kwetu. Massachusetts si mbali na historia yetu kama tunavyodhani. Bibi zetu waliita kitambaa cheupe cha pamba kisichopaushwa merikani, na jina hilo halikutoka hewani. Tangu miaka ya 1830 majahazi makubwa ya Salem, mji wa hapo hapo Massachusetts, yalikuwa yakileta kitambaa hicho Zanzibar kutoka viwanda vya New England, na kuondoka na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Mwaka 1837 Marekani ikaweka balozi wake mdogo Unguja kwa ajili ya biashara hiyo. Pamba ilichumwa na watumwa wa Kusini, ikafumwa Kaskazini, ikavaliwa mpaka Unyamwezi. Vita vilipoanza pamba ikakatika, merikani ikawa adimu na ghali, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua soko. Na tusijitoe: karafuu tulizouza nazo zilichumwa na watumwa wetu wenyewe, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mwaka 1873. Wenzetu Wakenya walio wengi mjini Lowell wanapita kila siku chini ya kuta za matofali za viwanda vya pamba vya zama hizo.

Tarehe 28 Mei 1863 kikosi kikaondoka Boston kwa meli kwenda South Carolina. Barua sasa zinabadilika harufu. Kuna mbu, kuna mchanga, kuna watu waliotoka utumwani juzi juzi. Tarehe 16 Julai wakapigana kwa mara ya kwanza, na jioni ya tarehe 18 wakapewa kazi ya kuongoza shambulio la ngome ya Wagner, iliyolinda lango la Charleston. Walikuwa kama 600. Walioanguka, kwa maana ya waliouawa, waliojeruhiwa, waliotekwa na waliopotea, wanakaribia 270. Kanali wao, Robert Gould Shaw, alifia juu ya ukuta wa ngome. Sajenti William Carney, wa New Bedford, wa kampani ile ile ya Gooding, aliishika bendera akiwa na majeraha kadhaa akarudi nayo. Nishani yake ya Medal of Honor ilimfikia mwaka 1900, miaka 37 baadaye.

Siku mbili baada ya usiku ule, tarehe 20 Julai, Gooding alikuwa ameshika kalamu. Mji mzima ulikuwa unasubiri kujua nani yu hai. Sisi tuliowahi kukesha na simu mkononi, habari za machafuko au ajali ya meli zikitoka nyumbani nusu nusu, tunajua thamani ya mtu mmoja aliyeko pale pale na anayeandika jambo kama lilivyo.

Kuna jambo jingine la wiki hiyo ambalo filamu haikuligusa. Tarehe 13 Julai, siku tano kabla ya Wagner, mji wa New York uliwaka ghasia. Wazungu waliokataa kuandikishwa jeshini kwa nguvu waliwageukia watu weusi, wakawaua kwa kuwanyonga na kuwapiga, na wakakichoma moto kile kituo cha watoto yatima. Watoto waliokolewa kwa mlango mwingine. Yaani nyumba iliyomlea Gooding iliteketezwa na raia wa upande wake mwenyewe, wiki ile ile aliyokuwa akienda kuufia upande huo.

Tufike sasa kwenye mshahara, maana hapo ndipo barua hizi zinapotugusa.

Walipojiandikisha waliahidiwa kulipwa sawa na askari wengine wa Massachusetts, dola 13 kwa mwezi pamoja na posho ya nguo. Walipofika Kusini serikali kuu ikasema la. Sheria iliyokuwapo, ya mwaka 1862, ilitungwa kwa ajili ya vibarua weusi, wengi wao watumwa waliokimbia: dola 10 kwa mwezi, na kati ya hizo dola 3 zinakatwa kwa ajili ya nguo. Zinabaki 7. Askari mzungu anaongezewa hela ya nguo, askari mweusi anakatwa. Na hata sajenti mkuu mweusi, mwenye alama zake zote begani, alilipwa zile zile 7.

Kikosi kikakataa. Si kuomba nyongeza. Walikataa kupokea hata senti mpaka walipwe sawa. Mwezi Agosti 1863, wakiwa kisiwa cha Morris na maiti za wenzao hazijapoa, kanali aliyeshika nafasi ya Shaw kwa muda, Littlefield, alikuja na mlipaji mishahara. Akawaeleza kwa upole kwamba wakikataa wanaweza kukaa muda mrefu bila kupata kitu, kisha akasema anayezitaka hizo dola 10 anyooshe mkono. Gooding aliandika habari hiyo gazetini: hakuna mkono hata mmoja ulionyooshwa.

Jamani, tuifikirie safu ile ya watu. Wengi wao wana wake, wana mama, wana watoto huko walikotoka. Barua zinazotoka nyumbani zinazungumzia kodi ya nyumba na chakula cha watoto. Kila mmoja anajua kwamba dola 7 si haki, na anajua vile vile kwamba dola 7 zinanunua unga.

Mmoja wetu, hatutamtaja, alikuwa akifanya kazi ya usiku ya kulea wazee kupitia wakala fulani. Siku moja akagundua kwamba mwenzake mzungu, aliyeanza baada yake, analipwa dola mbili zaidi kwa kila saa kwa kazi ile ile ya kugeuza wagonjwa na kubadilisha mashuka. Habari ile tuliijadili siku tuliyokusanyika kuchangia msiba, chai ikapoa vikombeni. Wako waliosema aache kazi siku hiyo hiyo, heshima hainunuliwi. Wako waliosema, na hawakuwa wajinga hawa, kwamba Jumatatu kuna ada ya shule ya kulipwa Morogoro na dawa za kisukari za mama, na heshima haitumwi kwa Western Union. Hatukuafikiana. Mpaka leo hatujaafikiana. Ndiyo maana tukiisoma habari ya mikono isiyonyooshwa hatuisomi kama watu wanaotazama sanamu.

Kwa nyumbani, mtu asiyetuma hela ana maelezo matatu tu: kafa, kafungwa, au kaharibika. Askari wa 54 walikuwa hai, hawajafungwa, hawajaharibika, na hela haiji. Nani atawaeleza watu wa nyumbani? Barua ya siri kwa mke haitoshi, maana mwenye nyumba anayedai kodi haioni. Sisi tunaamini, na haya ni maoni yetu, kwamba hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote iliyofanywa na barua za Gooding baada ya Wagner. Ziliusimamisha mji mzima kuwa shahidi. Ellen angeweza kwenda dukani akakuta mwenye duka amekwisha kusoma.

Tarehe 28 Septemba 1863 alifanya jambo ambalo watu wengi hulijua kuliko barua zake nyingine zote: alimwandikia Rais Lincoln mwenyewe. Barua ni ya heshima, tena haipigi magoti. Anamwuliza Rais kama wao ni askari au ni vibarua, na kama wamefanya kazi ya askari kwa nini wasipate mshahara wa askari. Anasema wao hawako chini ya ile sheria ya watumwa waliokimbia, kwa sababu wao wamezaliwa huru.

Wamezaliwa huru! Mkono ulioandika maneno hayo ulikuwa wa mtu aliyezaliwa mtumwa New Bern. Kuna watakaoona uongo hapo. Sisi tunaona mtu aliyelazimika kulilinda dai la wenzake mia kadhaa kwa cheti kile kile kilichomlinda yeye tangu ujana. Na angeandika nini kingine? Sheria ilikuwa imeweka mlango mmoja tu wa kupitia, akapitia huo.

Mwezi Novemba Massachusetts, kwa aibu na kwa nia njema, ikapitisha sheria ya kuwajazia pengo: serikali kuu itoe dola zake, jimbo lifidie kilichobaki. Kikosi kikakataa na hiyo. Mtu wa nje anaweza kusema sasa wamezidi. Lakini hesabu yao ilikuwa wazi: hela ingekuwa kamili, lakini aliyewatuma vitani angeendelea kuwaandika katika daftari la vibarua.

Wala si kwamba kukataa kulikuwa mchezo. Katika kikosi kingine, cha watu wa South Carolina waliotoka utumwani, Sajenti William Walker aliwaongoza wenzake kuweka silaha chini kwa sababu ya mshahara huo huo. Walimpiga risasi kama mwasi, Februari 1864. Wale wa 54 walikataa hela lakini hawakuacha kazi. Walichimba mahandaki, walilala kwenye mchanga, walipigwa mizinga, bure.

Tunapoandika haya tunawafikiria wapagazi wetu wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wale waliobebeshwa mizigo ya Waingereza kuanzia Mombasa mpaka Ruvuma. Jina lao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, kwa maana ya Carrier Corps. Walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa maradhi na njaa, na mishahara ya waliokufa ambayo haikuchukuliwa na mtu iliishia mikononi mwa serikali. Hao hawakuwa na gazeti la kuandikia, wala mlipaji hakuwaomba wanyooshe mikono. Hesabu yao iko kwenye majalada ya wakubwa tu, na sauti zao tunazisikia kwa mbali, katika masimulizi ya wajukuu.

Mwezi Februari 1864 kikosi cha 54 kilipelekwa Florida. Tarehe 20 Februari walipigana Olustee, vita vya kushindwa, na 54 ndio waliobaki nyuma kuwakinga wenzao wakati wa kurudi. Gooding alijeruhiwa mguuni akaachwa uwanjani. New Bedford wakapata habari kwamba amekufa, na gazeti lake lile lile likaichapisha.

Hakuwa amekufa. Alikuwa ametekwa na kupelekwa Andersonville, Georgia, kambi ya mateka iliyokuwa uwanja mtupu wenye ukuta wa magogo, bila paa, maji yakiwa ni kijito kimoja kilichokunywewa na kuchafuliwa na watu hao hao. Katika muda wa miezi 14 walipita humo mateka kama 45,000 na wakafa karibu 13,000. Hapo hapakuwa na kalamu. Alifariki tarehe 19 Julai 1864, na kaburi lake lipo huko.

Mwezi mmoja kabla, tarehe 15 Juni, Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya mshahara sawa. Kwa malimbikizo ya tangu mwanzo iliweka sharti: kila askari aape kwamba alikuwa mtu huru tarehe 19 Aprili 1861. Katika kikosi walikuwamo watu waliokuwa watumwa siku hiyo. Kanali Hallowell, aliyekuwa akikiongoza wakati huo, akawatungia kiapo ambacho mtu angeweza kukitamka mbele ya Mungu bila kusema uongo: kwamba siku hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kumdai kazi bila malipo. Kila mtu akaapa.

Mlipaji akafika mwisho wa Septemba 1864. Kwa kukilipa kikosi kizima zilihitajika kama dola 170,000. Watu wakaimba, wakacheza, na mara wakapanga foleni nyingine, mbele ya kampuni ya Adams Express, ambayo ndiyo iliyokuwa Western Union ya siku zile. Katika siku chache zaidi ya dola 50,000 zilikuwa zimekwisha kutumwa nyumbani.